Vidole vya Kapanya

"Elfu themanini! Umempa mganga elfu themanini amfukuze mwanangu?"

"Si mwanao," fundi viatu alimjibu mkewe. "Kapanya tulimzika, mimi na wewe. Hicho ni kitu kingine, na kitakumaliza."

Mganga aliketi kwenye kigoda, macho sakafuni.

Ilianza kama mchezo. Mama alikuwa akiosha vyombo, ikamjia harufu ya gundi ya viatu, harufu ya mtoto aliyekuwa akishinda karakanani kwa baba yake. Mara vidole vidogo vikamtekenya mbavuni. Akacheka peke yake hadi sahani ikamponyoka. Mumewe akasema ni mawazo.

"Mawazo? Hebu jitekenye mwenyewe uone kama utacheka! Kuna mtu humu."

Mume alishajaribu, kwa siri, nyuma ya rafu ya viatu.

Sasa mganga akauliza, "Mlipokuwa mkicheza, mtoto aliachaje?"

"Nikisema basi, anaacha. Halafu inakuwa zamu yangu kumtekenya yeye."

"Na hiki umeshakiambia basi?"

Mama akainamisha kichwa. Hakuthubutu. Akisema na kisiache, atajua si Kapanya.

Gundi ikanuka.

Vidole vikaanzia kwenye nyayo, vikapanda magotini, kiunoni, makwapani, na mama akacheka, akacheka huku machozi yakimchuruzika, akacheka mpaka sauti ikakauka na kicheko kikabaki mdomo wazi tu, midomo ikimpauka, mume kamshika mabega akimnong'oneza, "Sema, mke wangu, nakuomba, sema," na vile vidole vikizidi kumchimba mbavu kana kwamba vinatafuta mlango wa kuingilia, hadi pumzi yake ya mwisho ikatoka na neno:

"Basi."

Vikaacha. Papo hapo, kama mtoto mwenye adabu zake.

Mume akaachia mabega, akarudi nyuma hadi ukutani. Mganga akainuka, akatoa zile noti mfukoni, akaziweka juu ya kigoda.

"Chukueni hela zenu. Jini haliambiwi basi likaacha."

Akatoka bila kuaga.

Mama akanyoosha mikono pale penye harufu, akatafuta mbavu za mwanawe. Akapapasa juu, akapapasa chini, akakumbatia. Hewa tupu.

Na kutoka katikati ya mikono yake, sauti ndogo, iliyojiandaa kucheka, ikamwambia:

"Zamu yako, mama. Nitekenye."