Bonyeza "Kwa Nini?"

Jumamosi ile kinyozi alifunga duka, akavaa shati la pasi, akaongozana na binti yake hadi shuleni. Nyumbani binti huyo walimwita Chapuchapu, maana mikono yake haikutulia. Redio ikikoroma tu, yeye ameshaifungua. Leo alikuwa anachagua masomo ya kusomea chuoni.

"Uhasibu," baba alisema njiani. "Ofisi safi, kiti cha kuzunguka. Nani asiyetaka?"

Chapuchapu aliongeza mwendo. Hakutaka kumvunja baba moyo.

Mwalimu wa ushauri aliwakalisha mbele ya kompyuta.

"Hii ina programu maalumu," alieleza. "Wataalamu wa kazi nyingi waliulizwa: mtu wa namna gani anaiweza kazi yako? Majibu yao yamewekwa humu. Programu inakuuliza maswali, inalinganisha majibu yako na ujuzi wao, kisha inakushauri."

Alipotoka kidogo, swali likatokea: Unapenda kushika vifaa na kufungua mashine?

"Bonyeza hapana," baba alinong'ona.

Unapenda kukaa mezani kutwa?

"Ndiyo hiyo! Bonyeza!"

Mwishowe kompyuta ikaandika: UHASIBU. Baba akapiga makofi. Chapuchapu akaisukuma kibodi kando.

Mwalimu alirudi, akamtazama usoni. "Mbona umenuna? Hebu bonyeza hapo palipoandikwa 'Kwa nini?' Itakueleza imefikaje hapo."

Alibonyeza. Baba akasoma kwa sauti: "Kwa sababu wewe ni mtulivu, unapenda kukaa, na hupendi kushika vifaa..."

Akasita. Ghafla akaangua kicheko mpaka machozi yakamtoka.

"Mtulivu? Huyu? Mwalimu, hapa wamemwelezea mtoto wa jirani!"

"Kompyuta haimjui mwanao," mwalimu alisema. "Inajua mnachoiambia tu. Ukiidanganya, inakupa njia ya mtu mwingine."

Baba akavuta kiti nyuma. "Haya, mwanangu, jibu mwenyewe. Mimi nimefunga mdomo."

Safari hii vidole vilikimbia. Ndiyo, anapenda kutafuta kilichoharibika. Ndiyo, fizikia anaimudu. Ndiyo, anapenda kusaidia wagonjwa. Jibu likaja: FUNDI WA MASHINE ZA HOSPITALI.

"Kumbe kuna kazi kama hiyo!" Chapuchapu aliruka juu.

"Ni ushauri, si amri," mwalimu alisema huku akicheka. "Nendeni mkaione kwa macho."

Wiki iliyofuata walikwenda kwenye karakana ya hospitali. Fundi mmoja, mama mcheshi, alimkabidhi Chapuchapu kipimo cha umeme na mashine iliyogoma.

"Haya, nionyeshe ugonjwa wake."

Chapuchapu aligusa hapa, akagusa pale. "Huu waya umekatika kwa ndani!"

"Umeupata!" fundi alisema. Baba alisahau kufumba mdomo.

Chapuchapu akaenda chuoni kusomea kazi hiyo. Alipokuwa kwenye mafunzo hospitalini, kitanda cha kuwapa joto watoto njiti, waliozaliwa kabla ya wakati, kilizimika. Wauguzi walimhamishia mtoto aliyekuwemo kwenye kitanda kingine, wakamwita yeye na msimamizi wake. Chapuchapu alifungua, akapima, akabadilisha kifaa kilichoungua. Msimamizi akakagua kila kitu, akatikisa kichwa kukubali. Taa ya kijani ikawaka.

Alipiga simu dukani.

"Baba! Kimewaka! Nimekitengeneza mimi!"

Kinyozi alimwacha mteja na kichwa kilichonyolewa nusu, akatoka mbio barabarani, mashine ya kunyolea bado inaunguruma mkononi.

"Jamani!" alipaza sauti. "Mwanangu ni fundi!"