Chumvi Katika Mashua ya Kaleli

Maji yale yalikuwa na chumvi.

Kaleli wa Mbuvi alikuwa amepiga magoti ndani ya mashua yake asubuhi, kopo mkononi, akichota maji yaliyopenya kati ya mbao na kuyamwaga nje. Tone moja likamrukia mdomoni. Akalilamba, kisha mkono ukasimama hewani. Akachovya kidole, akaonja tena. Chumvi kali, yenye uchungu kwa nyuma, kama ile aliyoionja mara moja tu maishani, wakati wa vita, walipopelekwa Mombasa kupanda meli ya kwenda Burma. Akainama ukingoni, akachota maji ya bwawa lenyewe. Matamu, yana matope, yana harufu ya maganda ya kahawa kama siku zote.

Sasa, bahari na Ruiru ni wapi na wapi? Nje ya mashua maji ya mto, ndani ya mashua maji ya bahari, na katikati ubao usiozidi unene wa kidole. Kaleli akajipangusa ulimi kwa mkono wa shati, akafunika mashua kwa turubai, akaenda zake kazini bila kumwambia mtu. Alikuwa na sababu ya kunyamaza, na sababu yenyewe haikuwa safi.

Bwawa lile lilichimbwa na wenye shamba, kati ya Ruiru na Thika, kwa ajili ya kuoshea kahawa. Baada ya vita Wazungu wa mashamba ya jirani wakaleta mashua zao ndogo za tanga, nyingi kuukuu, wakawa wanashindana kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi kuzunguka mapipa matatu mekundu yaliyofungwa mawe chini. Fundi wao wa mbao alikuwa Kaleli. Kwa miaka kumi na miwili alichonga sukani zao na kubadilisha mbao zilizooza, akajua kila mashua inaumwa wapi kama mtu anavyojua meno yake. Lakini hakuwahi kukaa hata katika moja tanga likiwa juu. Yeye wake ulikuwa ukingo na randa.

Mwaka wa hamsini na nane, memsahib mmoja wa Kizungu, mjane, akafunga mizigo kurudi kwao. Alimwachia Kaleli mashua ya marehemu mumewe, pamoja na karatasi yenye sahihi. Mumewe aliinunua Mombasa ikiwa tayari kuukuu, ikaja kwa treni. Kisha siku moja, mchana kweupe, pasipo upepo, mzee yule akatumbukia majini na hakuibuka. Memsahib ndiye aliyekuwa ameshika usukani. Mzee alikuwa amekaa mbele. Tangu hapo mashua ililala miaka tisa katika banda la kuku.

Mkubwa wa mashindano, ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Miwani, aliisoma karatasi mara mbili.

"Sheria inasema mwenye mashua anashindana," alisema polepole. "Haisemi wa rangi gani. Nafikiri hakuna aliyewaza jambo hilo."

"Basi mwenye mashua ni mimi, Bwana."

"Itazama, Kaleli."

"Zenu nimezitengeneza miaka kumi na miwili. Iko iliyozama?"

Bwana Miwani alimrudishia karatasi.

Kaleli akaikwangua rangi mpaka ubao ukaonekana, akashindilia pamba katika nyufa, akaziba juu yake. Kisha akaijaza mawe na kuizamisha pembeni mwa bwawa siku tano, ili mbao zilizokauka zinywe maji, zivimbe, zibanane zenyewe. Akina mama wachuma kahawa walisimama na vikapu vyao wakamcheka.

"Fundi, mashua ya wenzako inazama ikienda. Yako umeanza na kuzama?"

"Nainywesha, mama. Ilikuwa na kiu miaka tisa."

Ilikuwa siku ya kuondoa mlingoti ndipo alipokuta kitu. Chini ya mguu wa mlingoti palikuwa na tundu lililochimbwa kwa patasi, na ndani yake kifuko cha ngozi kilichoshonwa pande zote, cheusi kwa uzee, kinanukia udi.

Kaleli alikuwa mtu aliyeokoka. Kila Alhamisi jioni yeye na mkewe Syombua walikwenda Gitothua kukutana na ndugu katika Bwana, na kila mtu alisimama akaweka dhambi zake nuruni. Wiki zile ndugu walikuwa wakimnung'unikia kwa sababu ya mashua, kwamba ni anasa, kwamba anataka kuwa Mzungu. Hivyo Alhamisi ile alisimama na kushuhudia kwamba amekuta uchawi wa watu wa zamani ndani ya mashua, na kwamba ameuteketeza motoni kwa jina la Yesu. Ndugu wakaimba. Gerishon, kiongozi wao, mpiga pasi wa Ruiru mwenye mikono mipana kama majembe, alimkumbatia mpaka mbavu zikalia.

Lakini hakuwa amekichoma. Alikuwa amefika mbele ya moto kweli, kisha moyo ukamwambia: na kama ndicho kinachoishikilia mashua? Ngoja mashindano yapite. Akakirudisha tunduni kwa mkono wake mwenyewe na kusimamisha mlingoti juu yake. Alipotoa ushuhuda machozi yalimtoka, na machozi hayo yalikuwa ya kweli. Hilo ndilo lililokuja kumtisha baadaye kuliko yote.

Mashua inataka watu wawili, mmoja nyuma kwenye usukani, mmoja mbele kwenye tanga dogo. Wanaume wote walikataa. Syombua akajifunga leso kiunoni.

"Nitakwenda mimi. Ukifa peke yako watu watasema nilikusukuma."

Siku ya kwanza mashua iliruka. Majani ya kahawa kule mlimani yalikuwa yametulia kama yamechorwa, lakini tanga lilijaa, na pipa la kwanza likaja, na la pili. Syombua alicheka kama msichana. Kesho yake ndipo Kaleli alipoonja chumvi.

Siku ya tatu mashua ilikaa chini upande wa mbele, kama imepakia watu wawili pale. Syombua hakuwa akicheka tena.

"Baba Ndinda," alisema kwa sauti ndogo, bila kugeuka. "Ni nani ananishika kiuno?"

"Ni ile kamba ya tanga."

"Kamba haina vidole."

Kaleli akageuza mashua kurudi ukingoni. Walipofika, nyuma ya gauni lake palikuwa na alama mbili za maji, na zilipokauka zikabaki nyeupe.

Toka hapo kitu kile kilihamia nyumbani. Harufu ya udi na ya samaki aliyelala iliingia pamoja na uji wa asubuhi. Sakafuni, kutoka mlangoni hadi upande wa Syombua wa kitanda, kulikuwa na nyayo za chumvi kavu, na nyayo zote zilielekea ndani. Hakukuwa na za kutoka. Syombua alizifagia. Chakula alikiona kina chumvi hata kabla hajatia. Kaleli aliona nywele za mkewe zikianza kuwa nyeupe kandokando ya masikio, akapeleka kidole, akaonja, na bado akanyamaza, maana kusema la leo ilikuwa lazima aseme na la Alhamisi.

Ijumaa, siku moja kabla ya mashindano, Syombua mwenyewe ndiye aliyesema waende bwawani. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeitwa na mwingine. Kaleli akajiambia ni hamu ya mchezo.

Saa sita mchana walikuwa katikati ya bwawa, jua liko utosini na hakuna kivuli hata cha mlingoti, na tanga likalegea, na kelele za mashine ya kahawa zikakatika, na chura wakanyamaza, na Kaleli akasikia chini ya mbao kitu kama mawimbi, mawimbi makubwa ya mahali pasipo na ng'ambo, yakipiga katika bwawa ambalo mtu hodari angerusha jiwe likavuka, na maji ndani ya mashua yakapanda bila tundu, baridi, yakafika vifundoni, huku Syombua kule mbele akianza kuinama juu ya ukingo, polepole, kama mama anayeinama kumfunika mtoto, hadi uso wake ukagusa maji na ukaendelea kuingia, na Kaleli akauacha usukani, akamrukia, akamshika mabega, akavuta, na mabega yale yalikuwa mazito kama gogo la mvule.

Uso ulipotoka majini, sauti iliyotoka kinywani haikuwa ya mke wake. Ilikuwa Kiswahili laini cha pwani, kisicho na haraka.

"Mwache, fundi. Wa mbele ni wangu. Hata yule mzee alikuwa wangu."

"Toka kwa jina la Yesu," Kaleli alisema.

Sauti ikacheka kwa upole. "Omba, omba. Ndugu zako waliniimbia vizuri siku uliponichoma. Kwani si wewe uliyenirudisha nyumbani kwa mkono wako? Kesho nitakushindia. Wazungu wote watakuvulia kofia. Nami nataka mmoja tu."

Kaleli alitafuta maneno ya sala na kila neno alilolishika liliteleza, kwa sababu chini yake kulikuwa na uongo. Basi akakaa juu ya miguu ya mkewe ili asiinuke, akapiga maji kwa kopo na kwa kiganja, mpaka mashua ikagusa mchanga.

Syombua alitapika maji. Alipoweza kusema, alisema kwa sauti yake mwenyewe.

"Kimesema umekirudisha. Kweli?"

"Kweli."

"Mimi niliimba siku ile, Baba Ndinda. Niliimba kuliko wote."

Jioni hiyo Kaleli alikwenda Gitothua kwa miguu, akawaita ndugu wote waje bwawani asubuhi. Hakuwaeleza kwa nini. Wakaja, na vibali vyao vya kusafiri mifukoni, wakasimama pembeni kwa wasiwasi mbele ya magari ya Wazungu. Mashua saba zilikuwa zimejipanga. Chini ya turubai mpishi alikuwa amewasha jiko kubwa la makaa kuchemsha chai.

Kaleli akaanza kufungua mlingoti.

"Nusu saa imebaki," Bwana Miwani alisema. "Unafanya nini?"

"Natoa abiria, Bwana."

Akakitoa kifuko, kilicholowa na kizito, akakiinua juu wote wakione: ndugu, wachuma kahawa, Wazungu na vikombe vyao.

"Ndugu, hiki ndicho nilichosema nimekichoma. Nilidanganya. Nilitaka kushinda, na nilitaka mnisifu, nikaviweka vyote viwili mbele ya roho ya mke wangu."

Hakuna aliyeimba. Gerishon alishusha macho.

"Ungalisema Alhamisi ile ile, ndugu."

"Alhamisi nilikuwa nakula sifa zenu. Zilikuwa tamu."

Syombua alikuwa amesimama kando ya mashua, na midomo yake ikaanza kwenda, na sauti ile ya pwani ikatoka, hafifu, watu wa karibu tu wakaisikia. "Pasipo mimi hufiki pipa la pili."

"Basi nitazama kwa mbao zangu mwenyewe," Kaleli akasema, akakitupa kifuko katika makaa.

Kililia. Ndivyo walivyosimulia wote waliokuwepo, hata mpishi, ambaye hakuwa mtu wa dini. Birika likaanguka, harufu ya bahari ikafunika shamba zima, na moshi mweusi ukatambaa juu ya maji pasipo upepo, ukipita tanga moja baada ya jingine kama mgeni anayebisha hodi, mpaka ukatoweka hapo katikati ya mashua za Wazungu. Syombua alipepesuka. Gerishon akamdaka, akaanza kumwombea, lakini yeye akajitoa mikononi mwake, akaingia mashuani, akaketi mbele.

"Mama Ndinda, baki."

"Kiti hiki kina mwenyewe," alisema, akijifunga leso. "Kama bado yuko, anisukume tena nimwone."

Walikuwa wa mwisho toka mwanzo. Mashua ilivuja kila mahali ilipokuwa na haki ya kuvuja. Kwenye pipa la kwanza Wazungu walicheka. Kwenye la pili, walipolizunguka, Syombua akalipiga kofi pipa lenyewe ili lisikike. Kwenye la tatu wachuma kahawa walikuwa wameacha vikapu na kupanda ukingoni, na ndugu walikuwa wameanza kuimba, polepole kwanza, kama watu wanaojaribu daraja. Mashua ikafika imejaa maji nusu. Syombua akachota kopo, akaonja, akatema.

"Matope," alisema, na hapo ndipo alipolia.

Kaleli alikuwa akimsaidia kushuka alipomwona Bwana Miwani. Mashua yake ilikuwa imeshinda kwa mbali sana, tanga limejaa wakati ya wengine yalikuwa yamelegea, na watu walikuwa wakimpigia makofi. Memsahib wake alikuwa bado amekaa mbele, hapigi makofi, ameshika kiuno chake kwa mikono miwili na kutazama nyuma yake, mahali pasipokuwa na mtu. Bwana Miwani akateka kwa kiganja maji yaliyoingia mashuani, akanawa uso, akalamba midomo. Kisha mkono wake ukasimama hewani.

Kaleli akaanza kutembea kuelekea kwake, maji yakimchuruzika suruali.

"Atakucheka," Syombua alisema nyuma yake.

"Acheke. Aliyeweka mlango wazi ni mimi." Akavua kofia yake kuukuu. "Bwana," akaita kwa sauti kubwa, Wazungu wote wakageuka, "mtoe memsahib hapo mbele. Kisha uniletee patasi nifungue chini ya mlingoti wako, na jiko lile lisizimwe."