Muungurumo wa Mashine ya Salfa

Msimu wa kupulizia mikorosho dawa ulipofika, kijiji kizima cha Kilimarondo kilinuka salfa. Mashine ziliunguruma tangu asubuhi. Kwa mzee Isihaka, muungurumo huo ulikuwa mateso. Akiusikia tu, alitupa jembe, akakimbilia ndani na kufunga mlango.

Yote yalianza tembo walipovamia shamba lake la mahindi. Isihaka alikuwa juu ya dungu, kile kichanja kirefu cha kulindia shamba. Tembo mmoja akalisukuma, likaanguka. Isihaka hakupata hata mchubuko. Watu wakamshukuru Mungu, wakadhani yamekwisha.

"Woga tu huo," alisema Sadiki, mdogo wake. "Tumrudishe kwenye dungu, atazoea."

Hajra, binti wa Isihaka, alikuwa amemaliza kidato cha sita. Msomi wetu naye akakubali! Wakajenga dungu jipya, wakampandisha baba yake. Aliposhuka alikuwa bubu. Hakusema na mtu tena, na Hajra akajuta mno.

Shangazi yake, Zuleha, akapiga simu kutoka Ruangwa. "Mleteni hospitali huku. Kuna dada mmoja, Lusiana, mtaalamu wa saikolojia."

Lusiana hakuwa na sindano wala vidonge. Aliketi karibu na mzee, akanyamaza naye. Kisha akasema taratibu, "Baba, ukipenda, niambie. Dungu lilipoyumba, uliwaza nini?"

Isihaka akafungua kinywa kwa mara ya kwanza tangu ashuke dunguni.

"Niliwaza, nani atamsomesha Hajra?" Akalia. Hajra naye hakuweza kujizuia.

"Hajarogwa, na si mwoga," Lusiana aliwaeleza. "Mashine inaunguruma, akili yake inadhani tembo amerudi. Mlipompandisha kwa lazima mlimtonesha kidonda. Msimcheke, msimlazimishe. Mleteni kila nitakapowaita, tutakwenda naye kidogo kidogo."

Tangu siku hiyo Hajra hakutulia. Akichambua mbegu za ufuta, mawazo yalikuwa Ruangwa. Alitamani kukaa kwenye kile kiti cha Lusiana, amsikilize mtu mpaka aseme lililomkaba. Hamu hiyo ilimuuma kama njaa. Waliporudi hospitali, akamuuliza, "Dada, na mimi niliyesoma Historia, Jiografia na Kiswahili naweza kusomea saikolojia?"

"Mimi nilisoma hayohayo," Lusiana akacheka. "Lakini kila chuo kina masharti yake. Soma mwongozo wa udahili kabla ya kuomba. Na usiache kuomba mkopo wa serikali mapema."

Nyumbani, Sadiki alishika kichwa. "Kusomea vichaa? Si bora ualimu?"

"Baba mdogo, kwani baba ni kichaa?" Hajra aliuliza. Isihaka alisikia yote, akaondoka kimya. Hajra alitaka sana neno lake, lakini neno halikuja.

Walirudi Ruangwa tena na tena. Hajra akatuma maombi, akabaki anasubiri majibu, na simu haikumtoka mkononi.

Asubuhi moja walikuwa wameketi barazani, baba na binti. Mashine ikaunguruma shamba la jirani. Isihaka akashika kigoda kwa mikono miwili. Jasho likamtoka. Akavuta pumzi polepole, kama alivyofundishwa.

"Hajra," akasema. "Hiyo saikolojia inasomwa miaka mingapi?"

"Mitatu, baba."

"Basi nitakungoja."

Mashine iliendelea kuunguruma, na mzee hakuinuka.