Kwangu Mnyororo, kwa Msusi Wazi

"Ingia ndani."

"Niko sawa hapahapa."

"Nimesema ingia, ukae. Stuli hiyo haing'ati."

"Mpenzi, dakika mbili tu. Nina meno ya watu mgongoni."

Msishtuke. Kazi yangu ni kupeleka meno ya bandia kwa baiskeli, kutoka karakana yanakotengenezwa hadi kwa madaktari wa meno. Ndiyo maana mtaa mzima unaniita Meno, ingawa yangu mwenyewe mawili hayapo.

Na huyo aliyekuwa akinikaribisha ni mpiga picha za vitambulisho. Studio yake ni chumba kimoja chenye mlango wa kioo, pazia jeupe ukutani na stuli moja ya mteja. Tulikuwa na miezi mitano ya mapenzi, na katika miezi hiyo yote stuli ile sikuwahi kuikalia. Nilikuwa nasimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje, mkono umeshika usukani wa baiskeli kama mtu aliyeshika mbuzi mnadani.

"Ifunge basi uingie," aliniambia siku hiyo.

"Niifunge wapi? Nguzo iko ng'ambo ya barabara."

"Si una mnyororo?"

Nilikuwa nao, tena sana. Baiskeli yangu ya kwanza iliibwa, nikaapa ya pili haitanitoka. Nikanunua mnyororo wa kilo tatu na nusu, na makufuli mawili, kila moja na ufunguo wake. Kuufunga dakika nne, kuufungua dakika nne. Ziara yangu kwake ilikuwa dakika tano. Pigeni hesabu wenyewe.

"Unajua wateja wangu wanakuitaje?" akaniuliza, mikono kiunoni.

"Shemeji?"

"Mlinzi! Jana mama mmoja alikuuliza kama tumefungua."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Sikiliza, Meno. Ijumaa saa kumi jioni baba anapita kuchukua picha zake. Anataka kukuona. Na baba yangu hazungumzi na mtu aliyesimama, anasema mtu aliyesimama anaondoka. Siku hiyo ukishindwa kuingia na kukaa hapo, ujue mimi na wewe tumemaliza."

"Kwa sababu ya stuli?"

"Kwa sababu nimechoka kupendwa kutokea mlangoni."

Hilo liliniingia mpaka kwenye uboho.

* * *

Kesho yake asubuhi nilikuwa kwa Mama Spoki. Huyu ni fundi baiskeli, mama wa makamo mwenye vidole vyeusi kwa grisi na mdomo usio na breki. Karakana yake iko uani, nyuma ya saluni ya msusi, na ua umejaa mizoga ya baiskeli hata pa kukanyaga hakuna. Kwa hiyo wateja tunaegesha mbele, ukutani kwa msusi. Shikeni hilo la ukuta, litanitafuna baadaye.

"Mama, nataka kufuli linalozidi hili langu," nikamwambia.

"Linalozidi hilo ni mlango wa gereza, mwanangu. Unaegesha wapi?"

"Kwa mchumba."

"Usiku?"

"Mchana. Dakika tano."

"Baiskeli unaiona ukiwa ndani?"

"Mlango wa kioo, naiona yote."

Mama Spoki akaweka spana chini, akaniangalia kwa huruma.

"Kwa dakika tano za mchana, mbele ya macho yako, unabeba mnyororo wa kufungia tembo? Kufuli halichaguliwi kwa woga, linachaguliwa kwa kituo."

Akanining'inizia kamba ya waya ya kufunga kwa namba.

"Hii nyepesi, lakini wewe una haraka. Utazungusha namba hizo mpaka mchumba azeeke."

Akaitupa kando. Akachukua kitu kama kwato ya farasi, cheusi, kidogo.

"Hili linakaa kwenye fremu, chini ya kiti. Unabonyeza, chuma kinapita katikati ya spoki, gurudumu la nyuma haliendi popote. Likiwa wazi, ufunguo hautoki. Ukifunga, ndipo unautoa. Kwa hiyo ukiwa na ufunguo mfukoni, jua umefunga."

"Na mtu akiibeba begani?"

"Akibeba, kabeba. Hili linamzuia wa kurukia na kukimbia nayo, na wa mchana ndiye huyo. Wa kubeba begani utamwona kwenye kioo, utoke umpigie kelele. Ukienda kulala, funga mnyororo wako. Nani kakuambia kufuli ni mke, uwe nalo moja tu?"

Akalifunga kwenye fremu yangu pale pale. Nikabonyeza. Kchak! Sekunde mbili.

Tatizo likabaki moyo wangu. Mkono umefunga, moyo unasema bado. Nikaamua kuufundisha. Jumanne, Jumatano na Alhamisi nikaiegesha ukutani kwa msusi, kchak, mnyororo nimeuacha nyumbani, nikazunguka uani na kukaa kwa Mama Spoki nusu saa nzima. Mchumba sikumwambia. Nilitaka Ijumaa nimshangaze.

Aliyeshangaa kwanza nilikuwa mimi. Alhamisi jioni ujumbe ukaingia:

*"Kesho usije. Baba ameona kila kitu."*

Nikapiga. Akapokea mlio wa tano.

"Ameona nini?"

"Siku tatu, Meno! Siku tatu baba anapita, baiskeli yako ile ya kapu, mtaa mzima unaijua, iko nje ya saluni. Nusu saa! Na haina hata mnyororo!"

"Ngoja..."

"Kwangu mnyororo, kwa msusi wazi! Kwangu unaogopa wezi, kwake umetulia mpaka umesahau kufunga! Hivi kichwa chako kilichonyolewa kinasukwa nini huko?"

"Ilikuwa imefungwa!"

"Na nini? Na dua?"

"Kuna kufuli dogo, chini ya kiti, halionekani kwa mbali..."

"Kufuli lisiloonekana." Sauti ikaingia machozi. "Hata uongo wako ni wa haraka haraka. Huna muda hata wa kunidanganya vizuri."

"Nije kesho nikuonyeshe. Tafadhali."

"Njoo umwonyeshe baba. Ukisimama mlangoni, usirudi tena."

Akakata.

* * *

Ijumaa, saa kumi kasoro dakika mbili. Nikashuka mbele ya kioo. Ndani nilimwona yeye nyuma ya meza, macho mekundu, na mzee mrefu amesimama na fimbo. Huyo mzee alikuwa mtunza ghala miaka thelathini. Watu kama hao hata kwa mkeo wanakudai risiti.

Kchak. Ufunguo mfukoni. Nikaingia na kukaa kwenye stuli. Nikawa mbele ya pazia jeupe kama mhalifu anayepigwa picha ya polisi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye wa kwa msusi?"

"Mimi ndiye wa meno, mzee."

"Baiskeli hiyo umeiacha wazi."

"Imefungwa, mzee."

"Macho yangu hayajafa, kijana."

Bila kunisubiri akatoka, akaishika usukani na kuisukuma kwa hasira ya miaka thelathini ya ghala. Gurudumu la nyuma likagoma. Mzee akaenda mbele, baiskeli ikabaki, kofia ikaangukia kwenye kapu. Ndani, binti yake akaweka kiganja mdomoni. Sijui alikuwa anazuia kilio au kicheko.

Mzee hakukata tamaa. Akainama, akachungulia chini ya kiti kama daktari anayetafuta jino bovu. Aliporudi, sauti ilikuwa imepungua.

"Sawa, kufuli lipo. Na kwa msusi ulifuata nini?"

"Sikuingia kwa msusi. Nilikuwa uani, kwa fundi baiskeli. Mzee, naomba nimpigie, umsikie mwenyewe."

Nikapiga, nikaweka spika.

"Mama Spoki, mimi Meno. Wiki hii nimekuwa nikifanya nini kwako?"

"Kunitoa roho!" sauti ikajaa studio. "Kila dakika unakimbilia upenuni kuchungulia baiskeli, kama kuku aliyeacha mayai! Nilikwambia uioe hiyo baiskeli, ukasema unataka kumuoa wa picha. Haya, umeweza kukaa?"

Nikatazama stuli niliyokuwa nimekalia.

"Nimekaa, mama."

"Basi niache na kazi zangu."

Yule mpiga picha akazunguka meza, akasimama mbele yangu.

"Siku tatu ulikuwa unajifundisha kukaa kwangu?"

"Ndiyo."

"Mjinga wewe."

"Ndiyo."

"Nililia usiku kucha, mjinga wewe!"

Akanipiga kibao cha bega, kile kisichouma, halafu mkono haukuondoka begani.

Mzee akakohoa.

"Kijana, huo ufunguo. Ni kweli hautoki mpaka lifungwe?"

"Hautoki, mzee."

"Hm." Akatikisa kichwa taratibu. "Miaka thelathini niliamka usiku kwenda kujaribu mlango wa ghala kama nilifunga. Kumbe dawa ilikuwepo." Akachukua bahasha ya picha zake na kofia yake. "Jumapili uje nyumbani na mama yako. Msichelewe."

Alipotoka, simu yangu ikalia. Daktari wa meno.

"Meno, uko wapi? Nina bibi hapa amekaa mdomo wazi!"

"Nakuja, daktari!"

Nikatia mkono mfukoni. Ufunguo haukuwemo. Mpiga picha alikuwa anauzungusha kidoleni.

"Dakika tano zako bado hazijaisha," akasema. "Kaa."

Nikakaa. Bibi wa watu anisamehe.

Jumamosi jioni ujumbe ukaingia:

*"Baba anasema kesho uje na mnyororo. Kufuli dogo ni la wapita njia, na wewe kesho hutoki mapema."*

Jumapili nikautwaa mnyororo wangu, kilo zote tatu na nusu, nikautupia begani. Haukuwa na uzito wowote.