Studio Isiyofagiwa

Jioni ile Robi aliposhika ufagio, aliona kuna mtu amemtangulia.

Alikuwa amesuka vichwa tangu asubuhi. Chini ya kiti cha studio palikuwa na vipande vya nailoni ya kusukia, na njiti za kiberiti alizotumia kuunguza ncha za rasta, kama kawaida. Lakini nywele zenyewe, zile zinazong'oka mtu akichanwa, hazikuwepo. Hata unywele mmoja. Robi alijua ni nani aliyeziokota, akashukuru kwamba kazi imepungua, akafunga mlango, akaenda nyumbani kumpikia binti yake.

Tuseme ukweli, Robi hakuwa msusi. Alikuwa mpiga picha, na kwa picha mji wote wa Migori ulimjua. Ila miaka hiyo ya tisini filamu za rangi zilikuwa zimeingia, na rangi haina huruma. Picha nyeusi na nyeupe ilikuwa ikimsitiri mtu. Hii mpya ilionyesha kila unywele uliosimama ovyo. Wanawake walianza kumrudishia picha wakinung'unika kwamba amewapiga kama watu waliotoka kukata miwa. Basi akaamua ajifunze kusuka mwenyewe, ili mtu aingie na kichwa chochote na atoke na picha ya kutundika sebuleni.

Shida ilikuwa kichwa cha kujifunzia. Mtoto wake wa pekee, Boke, alinyolewa kila muhula kwa amri ya shule. Na Robi mwenyewe alikulia Ukuria, kwenye boma ambalo wanawake wote walinyoa. Hakuwahi kukaa chini katikati ya magoti ya msusi akasikia yanayosemwa pale. Kuna mambo ambayo wasusi hujua tangu utotoni na hakuna anayekumbuka kuyaeleza. Hayo Robi hakuwa nayo.

Ndipo akaja Hadiya. Aliingia mchana wa jua kali, siku ya soko, upindo wa buibui lake umelowa ingawa mvua ilikuwa haijanyesha mwezi mzima. Alisema anatoka Homa Bay. Alipovua mtandio nywele zake zilishuka mpaka sakafuni, na chumba kikajaa harufu ya udi na, chini ya udi, harufu ya matope ya ziwa.

"Nasikia unatafuta kichwa cha kujifunzia," alisema kwa upole. "Changu hiki. Sitaki picha."

"Sasa utataka nini, mama?"

"Ufagio uniachie mimi. Basi."

Robi alicheka. Akavuta kiti.

Mwanamke yule alimfundisha vizuri, hilo hakuna wa kulikana. "Gawa katikati. Taratibu. Kaza mzizi, legeza ncha." Kila siku ya soko alikuja, na kila siku ya soko vidole vya Robi vilizidi kuwa vyepesi, mpaka wateja wakaanza kuja kutoka Awendo na Ndhiwa. Kitu kimoja tu kilimsumbua: hata asuke vipi, nywele za Hadiya hazikuwahi kufika mwisho. Jioni Hadiya aliinama, akaokota nywele za wateja moja moja, akazitia kwenye bahasha za kaki ambazo Robi alitumia kwa picha. Nailoni hakuigusa.

"Hii mbona unaiacha?" Robi alimuuliza siku moja.

"Hiyo haina mtu," Hadiya akajibu.

Shule zilipokaribia kufunguliwa, Robi alimnyoa Boke palepale studio, kwa kuwa dirisha lile lilikuwa na mwanga mzuri. Hadiya alikuwa kwenye benchi. Alitazama vishungi vya mtoto vikianguka, akameza mate. "Ana kichwa kizuri," akasema. Robi hakupenda, lakini aliona haya kumnyima mgeni taka za sakafuni. Hadiya akaokota, akajaza bahasha.

Wiki chache baadaye alikuja mama wa mteja mmoja, Jerusha, msichana mwalimu wa Awendo aliyesukwa kwa ajili ya picha ya arusi. Mama huyo hakukaa. Alisimama mlangoni na picha imefungwa kwenye leso, akizungumza kwa sauti ya chini kama mtu aliye hospitalini.

"Robi, ulimfanyia nini msichana wangu?"

"Nilimsuka tu, mama. Kwani kuna nini?"

"Anakaa chini siku nzima. Shingo ameilaza nyuma, kama mtu anasukwa. Chakula hataki. Nikimshika ananiambia, 'Ngoja, hajamaliza.'"

"Nani hajamaliza?"

"Hakuna mtu, Robi. Hakuna mtu nyuma yake. Wuololo, hakuna mtu!"

Bi Kultum, aliyekuwa na duka la nailoni na mafuta ya nywele mlango wa pili, alisikia yote. Aliingia bila kubisha hodi.

"Mwanangu, nywele za wateja wako huzitupa wapi?"

"Mimi situpi. Kuna mama huwa anaokota."

Bi Kultum alijifunika mdomo. "Ya Rabi! Nywele ya mtu haiachwi chini. Unamfungia mwenyewe kwenye karatasi, akaichome, au akaitupe chooni. Aliyekufundisha kusuka hakukwambia?"

"Ni yeye ndiye alinifundisha," Robi akasema.

Hakungoja jibu. Alitoka mbio bila viatu, akapita soko na watu wakimwita, akapita kanisa, akapita kwa fundi wa baiskeli, huku akijiambia kwamba Boke yuko shuleni, Boke ni mzima, Boke asubuhi alikunywa uji wote, mpaka alipofika kwenye ua wake na kumkuta mtoto ameketi kizingitini na sare yake, shingo imelala nyuma, macho yamefumbwa, na ile ngozi ya kichwa kilichonyolewa ikivutika na kuachia, ikivutika na kuachia, mstari baada ya mstari, kutoka kwenye paji mpaka kisogoni.

"Mama, usiniguse," Boke akanong'ona. "Hajamaliza."

Bi Kultum ndiye aliyewapeleka Homa Bay, kwa Mzee Mubarak, mwalimu wa madrasa aliyejulikana kwa kuwasomea watu wenye majini. Mzee alimtazama mtoto, hakutaka hata kumgusa.

"Akimaliza kumsuka, mtoto si wako tena," alisema. "Mwombe arudishe. Atakuwa na adabu. Hao ndio wabaya. Atataka badala. Mpe kilicho chako wewe, usimpe cha mtu mwingine. Na atakachokurudishia usikifungue. Ukikifungua kitarudi kwake. Kichome kilivyo."

Siku ya soko Robi alifunga madirisha ya studio akangoja. Hakuusikia mlango. Alisikia chanuo, kule ndani kwenye chumba cha giza cha kusafishia picha, likipita kwenye nywele nyingi, ndefu, ndefu, bila kufika mwisho, na harufu ya matope ikatoka chini ya pazia na kumfikia magotini. Aliwaza kukimbia, akamwaza Boke, akafunua pazia.

Hadiya alikuwa ameketi chini ya ile taa nyekundu, bahasha zimemzunguka.

"Nipe nywele ya mtoto wangu," Robi alisema. Sauti ilikuwa ndogo. "Tafadhali."

"Na mimi nitabaki na nini, msusi mwenzangu?"

Robi alikuwa amefuga nywele tangu aanze kusuka, za kwanza maishani mwake, na alizipenda. Alichukua mkasi wa filamu, akazikata mpaka kwenye ngozi, akaziweka kwenye viganja vile vya baridi. Hadiya akazinusa. Akatabasamu, akampa bahasha moja iliyofungwa kwa gundi.

"Asante," akasema, kwa adabu sana. Taa ilipepesa, na chumba kikawa kitupu.

Robi na Bi Kultum waliwasha moto nyuma ya duka, Boke ameketi kando yao, shingo imelala. Robi hakuifungua bahasha. Aliitupa ilivyo. Karatasi ikajikunja, ikashika, na moshi mweusi ukapanda.

Nywele ya mtu ikiungua harufu yake haifanani na nyingine, na Robi aliijua. Hii aliijua zaidi. Alikuwa akiinusa kila siku alipounguza ncha za rasta. Ilikuwa nailoni.

Bi Kultum, ambaye aliiuza, naye aliinusa. Wakatazamana.

"Mama," Boke akaita, bila kufumbua macho, "amebakisha mstari mmoja."

Robi alitaka kumkimbilia. Lakini shingo yake mwenyewe ilikuwa imeanza kulala nyuma, na juu ya kichwa chake kilichokatwa alihisi vidole vya baridi vikigawa katikati, taratibu, bila kumuumiza.