Uzi Uliozidi Kivuli

Ilikuwa asubuhi ya kawaida ya mwezi Machi mjini Sofia. Theluji ya mwisho ilibaki madoa madoa kando ya reli za tramu, na kila mtu alikuwa amefunga mkononi uzi mwekundu na mweupe wa kukaribisha masika, ule usiofunguliwa mpaka korongo wa kwanza aonekane angani. Ognyan alifungua karakana yake, akawasha taa, akaweka kahawa motoni.

Karakana ilikuwa chini ya ardhi, katika jengo kuukuu. Dirisha lake lilikuwa kwenye usawa wa njia ya waendao kwa miguu, hivyo mteja alilazimika kuchuchumaa au kupiga magoti ili azungumze na fundi. Ognyan hakuwajua watu kwa nyuso. Aliwajua kwa viatu.

Viatu vya njano vilisimama. Magoti yakakunjika. Uso mpana wenye ndevu ukainama dirishani.

“Habari za asubuhi, fundi wa kibanio! Jana umeua ngapi?”

“Pita, Krum. Nina kazi.”

“Napita, jirani. Ila wateja wako wakimaliza kulia, waelekeze ng’ambo ya barabara. Mimi nafufua.”

Wote wawili walifanya kazi moja: kushusha matoleo ya programu katika mashine za gemu. Mashine ikishapokea toleo jipya hufunga milango yake, na vijana hutaka irudishwe kwenye toleo la zamani, lililo wazi kwa gemu yoyote. Fundi huifungua, huunganisha kwenye chipu kidude kiitwacho flasha, husoma yaliyomo, kisha huandika ya zamani juu yake. Krum alichagua flasha ya kuchomea waya, uzi kwa uzi, kama mshonaji. Mikono ya Ognyan ilitetemeka tangu utotoni, akachagua flasha ya kibanio, inayoing’ata chipu bila kuchomea chochote. Kibanio huteleza. Kikiteleza wakati wa kuandika, mashine hufa jiwe, haiwaki tena.

Kanuni ni moja, na kila fundi anaijua: soma mara mbili, linganisha, weka nakala, ndipo uandike. Kila chipu ina siri yake, na nakala yake ndiyo njia pekee ya kuirudisha ilivyokuwa. Ognyan alisoma mara moja tu. Kusoma mara mbili kulimchosha.

Wiki ile mashine tatu zilimfia mikononi, na wenyewe wakapiga magoti dirishani kumtukana. Aliwasikia wakivuka barabara kwenda kwa Krum. Alisikia vicheko. Husuda ikamkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Babu yake alikuwa mwashi. Waashi wa zamani walipotaka daraja lisianguke, walimpima mpita njia kivuli chake kwa uzi, mwenyewe asijue, wakauzika uzi ule kwenye msingi. Daraja lilisimama. Mpita njia hakumaliza siku arobaini. Kila mtoto wa nchi ile amesimuliwa hayo, na kila mtu mzima huyacheka. Lakini katika kopo la misumari la babu mlikuwa na kibonge cha uzi mwekundu, na Ognyan hakuwahi kukitupa.

Siku iliyofuata jua lilichomoza bila wingu. Viatu vya njano vikaja. Safari hii magoti hayakukunjika.

“Leo siinami, fundi!” Sauti ya Krum ilitoka juu. “Nimebeba mzigo wa thamani.”

Akacheka peke yake. Mahali fulani kicheko kingine, chembamba, kilibanwa na kiganja. Ognyan alidhani ni watoto waendao shule.

Aliingiza mkono dirishani taratibu. Akaikandamiza ncha ya uzi chini, nyuma ya kisigino cha njano, akakisukuma kibonge kifuate kivuli. Kila siku, saa ile, kivuli cha Krum kiliishia kwenye kifuniko cha mtaro. Kibonge kilibiringika. Kikafika kwenye kifuniko. Kikapita. Kikaingia pale ambapo fremu ya dirisha ilimzuia kuona, kisha kikasimama chenyewe.

Uzi ulizidi. Ognyan akauona umezidi. Akaukata hivyo hivyo.

Mezani palikuwa na mashine kuukuu aliyoinunua kwa majaribio. Alikiweka kibanio juu ya chipu, akakizungushia uzi, raundi baada ya raundi, akafunga fundo. “Wao walifunga daraja,” alinong’ona. “Mimi nafunga chipu.” Akasoma. Mara moja. Katikati ya kusoma kibanio kilicheza kidogo chini ya uzi, kama jino bovu. Hakujali. Akaandika toleo la chini.

Mashine ikawaka. Taa ya kijani, tulivu, bila kupepesa.

Kesho yake viatu vya njano vilisimama katikati ya njia na kubaki pale.

“Samahani, kaka,” alisema Krum, akiinama kwa adabu ya mgeni. “Nasikia mtaa huu kuna duka la kupanga. Ng’ambo pale. Unamjua mwenyewe?”

Ognyan alimtazama machoni. Hamkuwa na mzaha.

“Mwenyewe alikufa,” alijibu.

Akacheka mpaka kahawa ikampalia. Kisha akaishusha mashine tena. Toleo moja chini. La pili chini. Alipotoka alasiri alimkuta Krum kwenye kituo cha tramu, mtu wa miaka arobaini, koti likimpwaya, anamwuliza bibi mmoja njia ya kwenda shule ya sekondari. Bibi alimnunulia andazi, akamfuta machozi. Ognyan alipita kando yao huku akipiga mluzi.

Nyumbani mkewe, Zornitsa, alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni.

“Ogi. Njoo umtazame mtoto mdomoni.”

Binti yao Ralitsa alikuwa na miaka sita. Mwezi uliopita aling’oka jino la mbele, na wakalitupa juu ya paa pamoja, kama desturi, wakimwomba kunguru achukue la mfupa alete la chuma. Sasa alifungua mdomo. Pengo halikuwepo. Jino lilikuwa mahali pake, lile lile dogo, lenye ufa wa pembeni.

“Limeota jipya,” alisema Ognyan.

“Halijaota. Ni lile lile.” Zornitsa alishusha sauti. “Na viatu vinampwaya. Asubuhi ameshindwa kusoma jina lake.”

Ralitsa alikuwa akichora korongo kwenye mvuke wa kioo cha dirisha, kama alivyochora kila siku tangu afungwe uzi wake wa Machi. Kila mara alimpa korongo miguu mitatu, na hakukubali kusahihishwa. Uzi mkononi ulikuwa umelegea, ukateleza mpaka kwenye kiwiko.

“Baba,” alisema, maneno yakimtoka kwa shida, kama ya mtoto wa miaka mitatu. “Jana mimi panda juu ya mjomba Krum. Kwenye mabega. Miguu ficha ndani ya koti. Baba hajaniona.”

Akaziba mdomo kwa kiganja. Akacheka. Kicheko chembamba.

Ognyan hakumbuki alivyoshuka ngazi. Alikimbia. Tramu ilimpigia kengele, hakugeuka. Uzi ulikuwa umepima vivuli viwili. Krum alikuwa na miaka arobaini ya kurudi nyuma. Mtoto alikuwa na sita.

Mashine ilikuwa mezani, bado ikijishusha yenyewe. Taa ya kijani. Tulivu.

Simu ikalia. “Ogi, hawezi kusimama!” Zornitsa alikuwa akilia. “Anatambaa! Ogi, mtoto wangu anatambaa!”

Nakala. Alikuwa na nakala. Moja tu, iliyosomwa mara moja, na kibanio kilicheza katikati. Hakuwa na ya pili ya kulinganisha. Hakuwa na njia ya kujua kama ilikuwa nzima.

Alikata simu. Akakandamiza kibanio kwa vidole viwili. Uzi ulikuwa wa moto.

Akaandika.

Namba zilipanda polepole kwenye kompyuta. Zikafika nusu. Zikasimama. Ndani ya chipu kitu kililia, kwa sauti ndogo, kama mbu. Zikaendelea. Zikafika mwisho.

Taa ya kijani ikazimika. Mashine ikafa jiwe. Na uzi haukuwepo tena kwenye kibanio, wala mezani, wala sakafuni.

Simu ikalia tena.

“Amerudi!” Zornitsa alikuwa anacheka na kulia pamoja. “Amesimama! Viatu vinamkaa! Pengo limerudi, Ogi, pengo la jino!”

Ognyan alikaa chini. Alilia kama hajawahi kulia, paji la uso juu ya meza, akimshukuru Mungu ambaye siku zote hakuwa na habari naye.

“Anataka kusema na wewe,” alisema mkewe. “Chukua, mama, sema na baba.”

Simu ilihama mikono. Pumzi ndogo. Kisha sauti ya mwanawe, tamu, nyembamba, ile ile.

“Habari, fundi wa kibanio,” ilisema. “Leo umeua ngapi?”

Simu ilimponyoka.

Saa nzima baadaye, juu ya kichwa chake, viatu vya njano vilikuwa vimesimama dirishani. Havikuwa vimefungwa kamba. Magoti yakagusa njia, yote mawili. Uso mpana wenye ndevu ukainama, umelowa machozi na kamasi. Kwenye fizi ya mbele, kati ya meno makubwa ya mtu mzima, palikuwa na pengo dogo lenye damu.

“Baba,” Krum alinong’ona. “Mama hataki kunifungulia mlango. Ananiogopa.”

Ognyan alinyoosha mkono, akafunga kidirisha. Akateremsha pazia. Akaziba masikio.

Kilio kilidumu mpaka taa za barabarani zikawaka. Baadaye watu wakaja, wakamwinua yule mtu kwa upole, wakamwondoa. Ognyan alisikia kisigino kikiburutwa.

Alifunua pazia. Njia ilikuwa tupu. Kwenye mvuke wa kioo, kwa kidole kinene cha mwanamume, palikuwa pamechorwa korongo mwenye miguu mitatu.

Alitoka nje, akapangusa kioo kwa mkono wa shati. Korongo hakufutika. Akarudi ndani, akagusa kwa ncha ya kidole. Mchoro ulikuwa upande wa ndani, bado umelowa, na shingoni mwake umefungwa uzi wa kweli, mwekundu na mweupe, mdogo, wa kutosha mkono wa mtoto.