Kipimo Kilichosema Sita

Saa moja na robo asubuhi mkamwana alimkuta mama mkwe wake amekufa kitandani. Daktari alisema ni sukari, ilipanda kupita kiasi. Mwana wa marehemu hakusubiri la pili. Mbele ya waombolezaji alimwambia mkewe kwamba ndiye aliyekuwa akimtilia mama sukari kwenye chai, na mke akafungasha akarudi kwao.

Siku ya tatu alifika mkaguzi wa ofisi ya kulinda walaji, mama wa makamo asiyependa maneno mengi. Daktari ndiye aliyemwita, akishuku kipimo cha sukari cha nyumbani.

"Mama alikuwa akipimwa?"

"Kila asubuhi. Mke wangu aliandika humu."

Daftari lilisema sita, sita, sita, sukari ya kawaida, wiki tano nzima.

"Kipimo mlinunua wapi?"

"Mtandaoni. Nilibonyeza 'nimepokea, kizima' kabla sijafungua boksi. Mleta mzigo alikuwa na haraka. Si sote tunafanya hivyo?"

Mkaguzi aligeuza boksi. Utepe wa gundi ulikuwa tabaka mbili. Hakuubandua, alitaka muuzaji awepo. Alidondosha maji ya bomba kwenye kijiti cha kupimia. Kipimo kikasema sita.

"Basi mleta mzigo alikibadilisha," mume alisema upesi.

"Namba ya kipimo ni ileile iliyo kwenye risiti. Usitafute mtu mwingine wa kumsingizia, baba."

Saa nane mchana walikuwa stoo kwa muuzaji.

"Mteja alithibitisha ni kizima," alisema muuzaji.

"Kitufe hakifuti sheria. Ukiuza kibovu, ni kibovu hata mteja asaini kwa vidole kumi."

Akabandua utepe wa juu. Chini yake palikuwa na jina la mteja mwingine, na maneno ya kalamu: *Narudisha. Kinasema sita tu.*

Muuzaji aliketi juu ya mzigo. "Sikutaka kula hasara. Nilidhani na huyu angekirudisha."

Mkaguzi alimweleza mume kuhusu fidia na mahakama. Mume hakusikia vizuri. Jioni hiyo alisimama mlangoni kwa wakwe zake, daftari mkononi.

"Nisamehe, mke wangu. Ni kipimo."

Mke alilipokea daftari, akapapasa tarakimu zake mwenyewe.

"Kila asubuhi nilimwambia, 'Uko vizuri, mama.' Naye akanishukuru."

Akaingia nalo ndani. Mume alibaki nje, na mlango haukufunguliwa tena.